Mzigo Upi Uende Kwanza? Panga Njia Kabla ya Kuwasha Boda

Ukiuza bidhaa kwa simu, pesa inaweza kuingia hata kabla hujamwona mteja. Kazi inabaki barabarani. Mizigo ni minne, pikipiki ni moja, na kila kastoma anasema anataka "sasa hivi". Utaanza na nani?

Wengi wetu huanza na aliye karibu. Wengine huanza na anayepiga simu zaidi. Njia zote mbili zinaweza kukula mafuta, muda na hata mteja mwenyewe. Hebu tupige hesabu pamoja.

Mfano: vituo vinne Nairobi

Tuseme duka lako liko Luthuli Avenue na boda anatoka saa 4:00 asubuhi. Ana mizigo hii:

- Ngara: kava ya simu. Mteja yuko kazini hapo siku nzima.
- Pangani: simu mpya. Mteja anasafiri saa 6:00 kamili.
- Upper Hill: chaja ya laptop. Mkutano unaanza saa 4:45.
- Kilimani: spika ya sherehe. Inahitajika kabla ya saa 7:00.

Ngara na Pangani ziko upande mmoja wa mji, Upper Hill na Kilimani upande mwingine. Tukadirie hivi: dukani hadi Ngara dakika 10, Ngara hadi Pangani 10. Dukani hadi Upper Hill 20, kisha Kilimani 15. Pangani na Upper Hill ni dakika 35, Kilimani na Ngara 30. Kila kituo kinakula dakika 10 za kukabidhi mzigo. Hizi ni dakika za mfano tu; weka za njia zako.

Ukifuata aliye karibu, utafika Ngara saa 4:10, Pangani 4:30, halafu Upper Hill saa 5:15. Mkutano ulianza nusu saa iliyopita. Chaja inarudi dukani na pesa inarudishwa. Kilimani utafika saa 5:40.

Ukifuata haraka peke yake, utaenda Upper Hill, urudi Pangani, uvuke mji tena hadi Kilimani, kisha urudi Ngara. Kila mtu atapata mzigo kwa wakati, lakini kituo cha mwisho utakifikia saa 6:35. Umevuka mji mara tatu, na mafuta ni yako.

Sasa changanya zote mbili. Anza Upper Hill saa 4:20, kwa sababu ndiyo haiwezi kungoja. Ukiwa upande huo, maliza Kilimani saa 4:45, hata kama spika haina haraka. Rudi Ngara saa 5:25, kisha Pangani saa 5:45. Hakuna aliyechelewa, na ni dakika 5 tu zaidi ya ile njia ya kwanza iliyokukosesha mteja.

Siri ni hii: mwenye haraka ndiye anayechagua upande wa mji, lakini umbali ndio unaopanga vituo vya upande huo.

Jua dakika zako za akiba

Kwenye mpango wetu, Pangani imebaki na dakika 15 kabla mteja aondoke. Hiyo ndiyo akiba yako. Ukipata jamu ukitoka Kilimani, pita Ngara bila kusimama, nenda Pangani kwanza, kisha urudi na ile kava. Utakuwa umeokoa dakika 10 za kukabidhi mzigo. Kava inaweza kungoja, lakini anayesafiri hawezi.

Kwa hivyo andika vitu viwili kando ya kila jina: saa ya mwisho na dakika za akiba. Akiba ikiwa ndogo, usiongeze kituo kingine katikati, hata kiwe karibu namna gani.

Uliza swali sahihi

Ukimuuliza kastoma "unataka lini?", jibu ni "sasa hivi". Muulize hivi: "Utapatikana hapo hadi saa ngapi?" na "Nikichelewa, kuna kitu kitaharibika?" Hapo ndipo utajua nani ana haraka ya kweli na nani anapenda tu kupiga simu. Dawa, chakula moto na mzigo wa kuwahi matatu ya kwenda Nakuru haviwezi kuwekwa pamoja na kava ya simu.

Na usitegemee kichwa pekee. Vituo 4 vinaweza kupangwa kwa njia 24. Vikifika 8, njia ni 40,320. Ndiyo maana ni rahisi kuvigawa kwanza kwa upande wa mji, kisha kwa saa.

Malipo yasikule akiba yako

Zile dakika 10 za kukabidhi mzigo hupotea haraka. Askari wa geti anataka kitambulisho, mteja hapokei simu, halafu ndipo anaanza kutafuta namba ya till. Punguza hasara hivi:

- Tuma namba ya till na kiasi kamili kabla boda hajaondoka.
- Mpigie mteja ukibakisha kituo kimoja. Asipopokea, ruka na uendelee.
- Hakikisha malipo kwenye simu au akaunti yako mwenyewe. Meseji iliyo kwenye skrini ya mteja si uthibitisho.
- Boda apewe namba ya till, lakini asipewe namba yako ya siri.

Kesho asubuhi, kabla ya kuwasha pikipiki, chukua dakika tano na karatasi. Andika majina, saa za mwisho na upande wa mji. Jioni, linganisha mafuta uliyotumia na ya jana.