Ni Nani Anashika Usukani Usiku?



Katika somo la fizika mwenzetu mmoja aliuliza swali. Kwanza tulicheka, kiisha tukanyamaza. Mtu akivuka bahari peke yake katika mashua ya matanga, usiku analala namna gani? Katikati ya Atlantiki hakuna fasi ya kufunga kamba. Akiacha usukani, mashua inageuka-geuka, matanga yanapigapiga, na safari inasimama. Akikesha siku tatu, ataanza kuona vitu ambavyo haviko. Tulitafuta jibu, na tunaliandika hapa sababu ni fizika tu, hakuna uchawi ndani.

Mwaka 1960 mashua tano zilitoka Plymouth, Uingereza, kwenda New York, katika kila mashua mtu mmoja tu. Francis Chichester alifika wa kwanza, siku 40. Wa pili alikuwa Blondie Hasler, askari wa zamani, siku 48. Wote wawili waliweka nyuma ya mashua bawa la upepo linaloshika usukani. Bawa la Chichester, ambalo alilipa jina Miranda, lilikuwa kubwa kama tanga, sababu upepo peke yake ulipaswa kuvuta usukani. Na usukani ni mzito! Hasler aliendelea kutafuta njia ingine, na ile njia ndiyo tunataka mufahamu vizuri.

Enda mtoni pahali maji yanapita kwa nguvu. Shika ubao mwembamba, uusimamishe ndani ya maji, ukingo wake ukielekea maji yanakotoka. Hausumbui. Sasa uugeuze kidogo tu: kumbe, maji yanautupa kando pamoja na mkono wako! Kugeuza ubao ni kazi ya vidole viwili, lakini nguvu inayotokea inaweza kukuangusha.

Sasa turudi kwa mashua. Msafiri anapanga matanga, anachagua njia, kiisha anageuza bawa mpaka ukingo wake unaelekea upepo. Bawa ni ubao mwepesi, na chini yake kuna uzito wa kulisimamisha. Mashua ikipotea njia kidogo, upepo unapiga bawa ubavuni, nalo linalala. Likilala, fimbo inageuza kidogo ubao mwingine ulio ndani ya maji. Maji yanautupa ule ubao kando kwa nguvu, kamba mbili zinavuta mkono wa usukani, na mashua inarudi. Upepo unakuta tena ukingo wa bawa, uzito unalisimamisha, kazi imekwisha. Dakika ingine inaanza tena. Upepo unatoa amri, maji yanafanya kazi. Mashua ikienda mbio zaidi, nguvu ya maji inaongezeka. Haiombi mafuta wala betri, na haisinzii.

Lakini tusiisifu kupita kiasi. Bawa linafuata upepo, halijui dira. Upepo ukigeuka usiku, mashua itageuka pamoja nao bila kelele, na aliyelala karibu na nchi kavu anaweza kuamka juu ya mawe. Halioni meli. Upepo ukitoka nyuma, na mashua inaenda upande uleule, bawa linapata upepo kidogo na linakuwa mvivu. Tena mtu asiyejua kusawazisha matanga, bawa halitamsaidia hata kidogo.

Robin Knox-Johnston, Mwingereza, alilijua jambo hilo vizuri. Mashua yake ilijengwa India na kuitwa Suhaili, jina la upepo kwa Waarabu. Ndugu zetu wa pwani wanasema suheli. Katika safari yake ya 1968 na 1969 chombo chake cha kujiongoza kilivunjika kabisa, na bado alikuwa na Pasifiki yote mbele. Alipanga matanga kwa uvumilivu mpaka Suhaili ikajiongoza yenyewe. Kati ya watu tisa walioanza, yeye peke yake alimaliza, 22 Aprili 1969, na akawa mtu wa kwanza kuzunguka dunia peke yake bila kusimama.

Mashindano hayo yalianzishwa upya mwaka 2018. Sheria inakataza chombo cha umeme cha kushika usukani, bawa tu ndilo linaruhusiwa. Katika yale yaliyoanza 2022, Simon Curwen wa Uingereza alikuwa mbele ya wote. Februari 2023, akielekea Pembe ya Horn, dhoruba iliangusha mashua yake na chombo chake cha bawa kikavunjika. Mashua ilikuwa nzima, lakini mkono mmoja hauwezi kushika usukani usiku na mchana katika bahari ile. Aliingia Chile kutengeneza, na kwa sheria, anayesimama hawezi kushinda. Tarehe 27 Aprili 2023 alifika Les Sables-d'Olonne, Ufaransa, mbele ya wengine. Nyuma yake, siku ileile, akafika Kirsten Neuschäfer wa Afrika Kusini, na ushindi ukawa wake, mwanamke wa kwanza kuupata. Bawa lake lilikuwa bado linafanya kazi.