Nani amchague mukubwa wa sendika?



Simama karibu na mlango wa kiwanda cha Shituru saa wafanyakazi wanapotoka kazini. Uliza mmoja: delege wenu ni nani? Atakujibu upesi. Anamjua, anajua nyumba yake na hata kanisa anamosali. Sasa uliza: mkubwa wa sendika yenu kule Kinshasa ni nani, na nani alimchagua? Hapo wengi watakuna kichwa. Huenda mmoja atakuambia: "Siye tunalipaka makuta tu. Kuchagua, banachaguaka bengine."

Usifikiri hayo ni mambo ya baba peke yake. Mkubwa wa sendika akitia sahihi kwenye karatasi, sahihi yake inafika mpaka kwenye sufuria ya mama na pesa ya masomo ya watoto. Mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya elfu kumi waliondoka Gécamines katika mpango wa "kuondoka kwa hiari" uliolipiwa na Benki ya Dunia. Siku kama zile ndipo kila nyumba inataka kujua: anayesema kwa jina letu ni nani, na sisi tunaweza kumuuliza hesabu?

Namna wanavyochaguliwa

Sheria ya kazi ya mwaka 2002 inampa mfanyakazi haki ya kuchagua madelege wa kiwanda chake kwa kura ya siri. Sendika zinaleta majina, wafanyakazi wanapiga kura. Hapo kura yako inasimama. Mkubwa wa nchi nzima, kwa kawaida, anachaguliwa katika kongre, ni kusema mkutano wa wajumbe. Ni kama ngazi: wewe unachagua mtu, yeye anachagua mwingine, na huyo ndiye anafika juu. Kenya ni vilevile: Francis Atwoli alishika uongozi wa COTU mwaka 2001, na waliomchagua ni wajumbe wa sendika, si kila mfanyakazi.

Tulikotoka

Mwezi wa Desemba 1941 wafanyakazi wa Union Minière waliacha kazi kwa sababu ya mishahara midogo. Hapa Likasi, wakati ule Jadotville, watu wa Shituru na Panda walikuwa ndani. Sendika za watu weusi zilikuwa bado hazijaruhusiwa. Ziliruhusiwa mwaka 1946. Basi wafanyakazi walijitafutia wenyewe wasemaji wao. Kule Elisabethville mmoja wao alikuwa karani Léonard Mpoyi. Tarehe 9 Desemba aliuawa kwenye uwanja wa mpira pamoja na wenzake wengi. Hakuna aliyeuliza Mpoyi alitumwa na nani. Walimjua.

Mwaka 1967 sendika tatu ziliunganishwa kuwa moja, iliyoitwa baadaye UNTZA, chini ya chama cha MPR. Katibu wake mkuu, André Bo-Boliko, alikuwa pia rais wa Bunge tangu 1970, na mwaka 1979 akawa waziri mkuu. Hatusemi hivi kwa kumtukana mtu. Tunauliza tu: mfanyakazi akitaka kulalamika juu ya serikali, na msemaji wake ni mkubwa wa serikali, atalia kwa nani? Tarehe 24 Aprili 1990 Mobutu alifungua mlango wa vyama vingi, na sendika nyingi zikazaliwa. Lakini kuwa na sendika nyingi, na kuwa na sauti ndani ya sendika yako, ni mambo mawili.

Wanaopinga wanasema nini?

Tuwasikilize, maana si wajinga.

Wa kwanza wanasema kongre inatosha. Wanatuonyesha jirani zetu wa Zambia. Mwezi wa Januari 1981 chama cha UNIP kilifukuza viongozi 17 wa sendika, na wachimba migodi wa Copperbelt wakaacha kazi kwa ajili yao. Frederick Chiluba, aliyekuwa mmoja wao, alikuwa amewekwa na wajumbe, si kwa kura ya kila mtu. Hata hivyo wafanyakazi walimhesabu kuwa wao. Ni kweli. Lakini mjumbe wa namna hiyo ni yule anayetumwa na wenzake, na akirudi anawaambia alichofanya. Je, wa kwako anarudi?

Wa pili wanaogopa ukabila. Likasi hatuwezi kucheka neno hili. Mwaka 1992 na 1993 ndugu zetu wenye asili ya Kasai walifukuzwa kazini na nyumbani, na familia nyingi zililala kwenye stesheni zikingoja treni. Kura inaweza kuamsha moto ule. Lakini ukabila unaingia hata kwenye kongre, na kule hauonekani. Dawa ni sheria: mshindi apate kura katika majimbo mengi, si kwao tu. Katiba ya Kenya ya 2010 inamtaka rais apate angalau asilimia 25 ya kura katika zaidi ya nusu ya kaunti zote. Sendika inaweza kujiwekea sheria ya namna hiyo.

Wa tatu wanasema ni gharama, nchi ni kubwa. Lakini siku ya kuchagua madelege sanduku liko tayari, orodha iko, mashahidi wako. Mwenye kadi ya sendika apewe karatasi ya pili ya kuchagua mkubwa wake. Na juu ya rushwa: kununulia bia watu 50 wa kongre ni rahisi kuliko kununulia watu 5.000 wa viwanda.

Lakini kura peke yake haitoshi

Wachimba migodi wa Marekani walikuwa na haki ya kumchagua rais wao moja kwa moja. Mwezi wa Desemba 1969 Joseph Yablonski alishindana na rais Tony Boyle. Boyle akatangazwa mshindi. Siku ya mwisho ya mwaka, Yablonski aliuawa nyumbani pamoja na mke wake na binti yake. Mwaka 1972 korti ilifuta uchaguzi ule kwa sababu ya udanganyifu. Kura ikarudiwa, mchimba migodi Arnold Miller akashinda. Boyle alihukumiwa kwa mauaji yale mwaka 1974. Angalia basi: sanduku bila ulinzi ni sanduku tu.

Kwa hiyo sisi tunasema: ndiyo, mwanachama amchague mkubwa wake mwenyewe. Lakini orodha ya wanachama ibandikwe mbele ya watu. Kura iwe ya siri. Kuhesabu kufanyike palepale, mashahidi wa kila upande wakiona. Na hesabu ya michango isomwe kabla ya uchaguzi, si baada yake.

Katika Matendo ya Mitume sura ya 6, wajane wa upande mmoja walisahauliwa katika kugawa chakula. Mitume hawakuteua watu wao kwa siri. Waliita waamini wote, wakawaambia watafute wanaume saba wenye sifa njema. Jambo lilikuwa la chakula, nao waliohusika na chakula ndio waliochagua. Ninyi vijana mtakaoingia kazini kesho, shikeni mfano huo.

Maswali ya kuzungumza nyumbani
1. Baba au mama, unamjua mkubwa wa sendika yako? Alichaguliwa namna gani?
2. Katika kwaya au kikundi chetu cha vijana, tunachagua viongozi kwa kura ya siri, au tunapiga makofi tu?
3. Mtu wa kabila lako na mtu mwenye haki wakishindana, utampa nani kura yako?