Sauti ya Televisheni Inapogoma Kuingia Kwenye Sabufa

Mkoa wa Kigoma ulianza kuunganishwa na gridi ya Taifa mwaka 2022. Kabla ya hapo miji ya Kasulu na Kibondo iliendeshwa kwa majenereta ya dizeli, na waliokuwa mbali na nyaya zake walijitegemea kwa sola. Sasa mtu wa Heru Juu, huko Kasulu, anaweza kuweka sebuleni televisheni bapa, king'amuzi na sabufa, akatarajia kusikia mpira kama yuko uwanjani. Anachomeka nyaya, picha inakuja safi, taa za sabufa zinawaka, lakini sauti inaendelea kutoka kwenye televisheni peke yake. Hapo sabufa inaanza kulaumiwa, na wengine huirudisha dukani ikiwa nzima kabisa.

Mara nyingi kosa ni la mwelekeo. Karibu kila tundu nyuma ya vifaa hivi lina kazi moja: kuingiza au kutoa. Matundu ya rangi ya njano, nyeupe na nyekundu yaliyo nyuma ya televisheni nyingi za siku hizi ni ya kuingiza. Yamewekwa ili televisheni ipokee picha na sauti kutoka kwenye deki au king'amuzi. Ukitoa waya mwekundu na mweupe hapo ukaupeleka kwenye sabufa, umeunganisha mlango wa kuingilia na mlango mwingine wa kuingilia, wala hakuna sauti itakayopita. Soma maandishi madogo pembeni ya tundu. "IN" ni kuingia, "OUT" ni kutoka. Waya wa sauti lazima uanzie kwenye "OUT" na uishie kwenye "IN".

Je, sauti hutokea wapi kwenye televisheni? Njia rahisi kuliko zote ni tundu la spika za masikioni. Nunua waya wenye pini moja ndogo upande mmoja na vichwa viwili, chekundu na cheupe, upande wa pili. Waya huo utafanya kazi kwenye karibu kila sabufa iuzwayo nchini, na rimoti ya televisheni itaendelea kupandisha na kushusha sauti. Televisheni nyingine hazina tundu hilo bali zina la mwanga, lililoandikwa "OPTICAL", ambalo hutoa sauti kwa mwali mwekundu unaopita kwenye uzi mwembamba. Sabufa za bei ya chini hazina pa kuupokea mwali huo. Hapo utahitaji kiboksi kidogo cha kugeuza mwanga kuwa sauti ya kawaida, ambacho huchukua umeme wa volti 5 kutoka kwenye tundu la flashi la televisheni yenyewe.

Wenye hometheater zenye deki ndani wana tatizo lao. Waya wa HDMI unaotoka kwenye deki kwenda kwenye televisheni unapeleka filamu vizuri, lakini ukihamia kwenye king'amuzi spika zinanyamaza, kwa sababu sauti ya king'amuzi imeishia kwenye televisheni na haina njia ya kurudi. Njia hiyo ya kurudi ilibuniwa mwaka 2009 na inaitwa ARC. Ili ifanye kazi, vifaa vyote viwili lazima viwe nayo, waya uchomekwe kwenye tundu lililoandikwa "ARC" na si jirani yake, kisha uingie kwenye mipangilio ya televisheni uwashe mawasiliano ya vifaa. Samsung huyaita Anynet+, LG SimpLink, na Sony BRAVIA Sync. Nimeona mafundi wakibadilisha waya baada ya waya ilhali kilichokosekana ni kuwasha kipengele hicho.

Ukiwa na uhakika kuwa waya uko sahihi na bado kuna kimya, tazama namna sauti inavyotumwa. Televisheni inaweza kuwa inatuma sauti iliyofungashwa kwa mfumo wa Dolby, na kifaa chako hakijui kuifungua. Tafuta kwenye mipangilio ya sauti neno "PCM" ulichague. Vilevile, kama unasikia muziki na kelele za mashabiki lakini maneno ya mtangazaji yanafifia, angalia spika ya katikati. Katika sauti ya spika tano na sabufa, mazungumzo mengi hupitia hapo. Kama haijaunganishwa, weka king'amuzi kwenye "Stereo" ili maneno yagawanywe kwenye spika mbili za mbele.

Kuna njia ya mkato ninayoipendekeza kwa nyumba nyingi: acha televisheni ipokee picha kwa HDMI, kisha chukua sauti moja kwa moja kwenye matundu ya "AV OUT" ya king'amuzi mpaka kwenye sabufa. Punguza sauti ya televisheni hadi sifuri, basi. Upungufu wake ni kwamba filamu ya flashi iliyochomekwa kwenye televisheni haitasikika kwenye sabufa. Bluetooth nayo inaondoa nyaya, lakini sauti huchelewa kidogo, utaona mdomo unafunguka kabla ya neno kusikika. Kwa muziki haisumbui. Kwa taarifa ya habari inaudhi.

Baadhi ya sabufa zikishaunganishwa hutoa mngurumo usiokoma. Chomoa waya wa dishi nyuma ya king'amuzi. Mngurumo ukiisha, umeme unazunguka kati ya nyaya za vifaa na waya wa ardhi. Chomeka vifaa vyote kwenye ekstensheni moja, mara nyingi hutulia. Usikate kamwe pini ya ardhi ya plagi ili kuondoa kelele, maana pini hiyo ndiyo inayokulinda usipigwe shoti. Wanaotumia sola wajue pia kwamba inveta ya bei nafuu hutoa umeme usio laini, nao husikika kwenye spika. Kwao sabufa yenye tundu la volti 12 ni bora, kwa kuwa inachomekwa kwenye betri bila inveta. Usidanganywe na wati 5,000 au 10,000 zilizoandikwa kwenye boksi. Soma kibandiko cha nyuma chenye kiasi cha umeme kinachotumika. Ukikuta wati 40, hiyo ndiyo sabufa yako.

Hata nyaya zikiwa sawa, nyumba ya matofali ya kuchoma, sakafu ya saruji na bati lisilo na dari hurudisha sauti mpaka maneno yavurugike. Pazia zito na mkeka husaidia sana. Isogeze sabufa mbali kidogo na kona.

Jambo la radi nalisema kwa msisitizo. Ukanda huu wa Maziwa Makuu ni kati ya sehemu zenye radi nyingi duniani, na vilima vya Buha, hapa Kigoma, viko ndani yake. Ukishaunganisha dishi, king'amuzi, televisheni na sabufa, umeviweka vyote kwenye njia moja, kwa hiyo radi ikiingilia dishi inaweza kuviunguza vyote kwa pamoja. Kuzima kwa rimoti hakutoshi. Wingu likianza kunguruma, chomoa plagi ukutani na chomoa waya wa dishi pia. Fanya hivyo hivyo umeme unapokatika, usubiri urudi na utulie kabla ya kuchomeka tena.

Kabla hujashuka Kasulu mjini kununua waya au sabufa, piga picha kwa simu yako sehemu ya nyuma ya televisheni na ya king'amuzi, maandishi ya matundu yaonekane. Mwonyeshe muuzaji picha hizo, na umwombe avijaribu vifaa pamoja mbele yako kabla hujalipa.