Mwamba wa Baba Huko Kisite

Sisi watu wa pwani tukiulizwa habari za bahari hatuna haja ya kufikiri, hujibu papo hapo, maana tumezaliwa nayo. Mimi nami nilikuwa hivyo hivyo mpaka usiku mmoja nilipoulizwa swali dogo na mtu wa bara, nikakosa jibu. Wala swali lenyewe sikuulizwa Mombasa au Lamu, bali Malaba, mpakani mwa Kenya na Uganda, zaidi ya kilomita 900 kutoka bandarini Kilindini.

Huko ndiko ninakochuma riziki yangu, ndugu msomaji. Ni karani wa wakala wa forodha, leo niko Malaba, kesho niko Busia, kutegemea malori yameelekezwa mpaka upi. Tangu maofisa wa nchi mbili waanze kukaa chini ya paa moja, na kituo cha namna hiyo cha Busia kilifunguliwa rasmi Februari 2018, kazi imepungua usumbufu. Lakini siku mambo yakikwama, malori hupangana barabarani hata usione mwisho wake, nasi makarani hukesha na madereva, chai mkononi. Mwanamume akivaa kofia ya kiua huku huitwa Shehe, awe amesoma au hakusoma. Basi nami ni Shehe.

Usiku huo nilikuwa na mwenzangu mmoja, Mteso wa pande za Amagoro, ambaye wajomba zake ni wavuvi wa omena Port Victoria, kule Busia inakogusa ziwa. Akaniambia, "Shehe, sisi ziwani mtu akitazama chini haoni ila matope. Nyinyi baharini mna nini huko chini?"

Nikamwambia, matumbawe na samaki wa kila rangi.

"Umewaona?"

Nikataka kusema ndiyo. Lakini samaki niliowaona mimi ni wale waliokwisha kufa, walio ndani ya dema au juu ya meza ya sokoni. Na matumbawe niliyoyajua ni yale ya kujengea nyumba. Kuogelea najua, kama mtoto yeyote wa Shimoni, lakini kuogelea kwetu ni kufumba macho na kutoka upesi. Chini sijapata kutazama. Nikanyamaza, na yule bwana akacheka sana, akawasimulia na madereva.

Kulikuwa na jambo jingine ambalo sikumwambia. Marehemu babu na baba yangu wote walikuwa wavuvi wa Shimoni, na sehemu waliyoipenda kuliko zote ilikuwa miamba ya Kisite, kusini ya kisiwa cha Wasini. Mwaka 1973 sehemu hiyo ilitangazwa kuwa hifadhi, na mwaka 1978 ikagawanywa: Kisite, kilomita za mraba 28, ikawa mbuga ya bahari ambamo hairuhusiwi kuvua hata dagaa mmoja, na Mpunguti, kilomita 11, ikawa hifadhi ya namna ya pili ambamo uvuvi wa asili wa mishipi na madema unakubaliwa. Baba alikuwa na mwamba wake ndani ya zile 28. Alihama akaenda kuvua kwingine, hakugombana na mtu, lakini tangu siku hiyo hakupata kutia nanga Kisite. Nyumbani mwetu jina hilo halikutajwa sana. Nami nilikua nikiwaona watalii wakipanda mashua kwenda kuyaangalia maji ya baba yangu kwa tikiti, nikaapa moyoni sitafanya hivyo.

Viapo vya ujana, ndugu zangu. Februari iliyopita tulipata likizo sote wawili, na yule mwenzangu akanishikilia kwamba lazima nimwonyeshe. Tukashuka naye mpaka Mombasa, tukavuka Likoni, tukafuata barabara ya Lunga Lunga na kukata kushoto kwenda Shimoni. Februari ndiyo wakati wake. Kaskazi inavuma kwa upole na maji huwa meupe kama kioo. Mtu akija wakati wa kusi, bahari imechafuka na mvua imeleta matope ya mito, ataona kidogo na atatapika sana.

Baba sasa ni mzee wa miaka zaidi ya 80, na macho yake yameingia ukungu. Nilipomwambia tunakwenda Kisite alikaa kimya kwa muda. Nilidhani amekasirika. Kisha akaniita karibu, akanipa alama za mwamba wake: kilele cha mlima fulani wa bara kikae juu ya ncha fulani ya kisiwa, na upande wa pili kitu fulani kifichame nyuma ya kitu fulani. Sitazitaja hapa. Wasomaji wavuvi watanielewa. Akasema, "Nitazamie kama bado uko hai."

Asubuhi, baada ya sala ya Alfajiri, tulilipa tikiti zetu (mwananchi hulipa kidogo kuliko mgeni, na hilo ni haki) tukapanda mashua. Nahodha alikuwa mtu wa Wasini, na kiongozi wetu wa majini kijana ambaye, nilipouliza ukoo wake, nilikuta babu yake na babu yangu walivua pamoja. Siku hizi vijana wengi wa Shimoni, Wasini na Mkwiro wanapata mkate wao hivi. Njiani pomboo watano au sita walitokea ubavuni mwetu. Nahodha akapunguza mashine akawaacha wapite, hakuwafukuza. Alisema wanaowakimbiza ndio wanaowafanya wahame.

Kijana alitufundisha mambo machache, nami nayaandika kwa faida ya atakayekwenda. Miwani ya kuzamia huitemea mate ndani kwanza, ukaisuuza, ili isishike ukungu. Mwenye masharubu kama mimi maji yatamwingilia puani, avumilie au anyoe. Mrija unaushika kwa meno na kupumua kwa mdomo peke yake, taratibu, na hapo ndipo wengi wanaposhindwa, kwani mwili hukataa kuvuta pumzi uso ukiwa majini. Kisha akatoa makatazo: usisimame juu ya matumbawe, usishike kitu, usiokote hata kombe tupu. Na mkate wa kuwarushia samaki, ambao zamani ulikuwa desturi, akasema hapana, samaki hakuumbwa kula boflo.

Wageni wengi huingia majini karibu uchi. Mimi niliingia na suruali ndefu na fulana ya mikono mirefu, sitara yangu ikabaki nami, na kumbe ndiyo nguo bora, maana jua la mgongoni halina huruma. Dada mmoja wa Mombasa aliyekuwa na mumewe katika mashua ya pili aliingia na vazi la kumfunika tangu kichwani hata miguuni, na aliogelea kutushinda sote.

Mwenzangu wa Malaba alivaa jaketi la kuokolea, akashika boya la duara kwa mikono miwili, akasoma sala zake za Kikristo kwa sauti, akashuka. Ninyi mnaocheka kumbukeni kwamba ziwani maji yamechukua watu wengi wa kwao, na mtu huyo hajui kuogelea. Mimi nilimwona shujaa kuliko mimi.

Basi nikatia uso majini.

Sijui nieleze vipi. Jambo la kwanza ni kwamba kelele zote za duniani zilikatika. Nikasikia kitu kama watu wengi wanaotafuna korosho. Ni pono, wale samaki wenye mdomo kama wa kasuku, wanaokwangua miamba na kuyasaga matumbawe hata yakawa mchanga. Mchanga mweupe tunaoukanyaga na kuusifia, sehemu yake imepita matumboni mwa pono. Chini yangu, kiasi cha pima mbili, kulikuwa na mji mzima. Vitatange walikwenda wawili wawili kama mume na mke. Kangaja walipita kundi zima bila kunitazama. Samaki wadogo wa rangi ya chungwa wenye mikanda myeupe waliishi ndani ya kiumbe chenye mikono laini inayowasha, wao hakiwawashi, na mmoja wao alinijia usoni kunifukuza, naye hakuzidi kidole changu. Kasa alikuwa akila majani, akanyanyua kichwa, akaendelea kula. Nilijisikia nikisema Subhanallah ndani ya mrija, na maji yakaniingia kooni.

Baada ya mapumziko nilimwambia nahodha habari za alama za baba. Akatazama bara, akatazama kisiwa, akacheka peke yake, akasogeza mashua kidogo kidogo. "Ni hapa," akasema. "Babu zetu hawakuwa na mitambo."

Huko ndiko moyo wangu ulikodunda. Sehemu ya juu ya mwamba ilikuwa imekufa. Matawi yamevunjika, yamelala kama kuni, na majani ya kijani yameyafunika. Kijana alinieleza tuliporudi juu. Tumbawe ni mnyama, si jiwe, na ndani ya ngozi yake hukaa mimea midogo isiyoonekana inayomlisha na kumpa rangi. Maji yakizidi joto humtoka ile mimea, naye hubaki mweupe, na joto likiendelea hufa kwa njaa. Mwaka 1998 joto kubwa lilipita pwani yetu yote na likaua matumbawe mengi mno, hata ndani ya hifadhi, maana joto haliulizi tikiti. Mwaka 2016 likarudi. Na tumbawe la mviringo hukua kiasi cha sentimita moja hivi kwa mwaka, kwa hiyo lililo kubwa kama meza limeanza miaka mingi iliyopita.

Lakini ubavuni, chini ya ukingo, mwamba ulikuwa hai. Matumbawe machanga yameota juu ya maiti ya yale ya zamani, mengine ya rangi ya zambarau, mengine ya manjano. Na ndani ya pango, mdomo wazi, alikaa chewa mmoja mkubwa, akinitazama kama mwenye nyumba anavyomtazama mdai. Nilikaa juu yake mpaka kijana akanigusa bega.

Adhuhuri tuliteremka Wasini tukasali, kisha tukala wali wa nazi na samaki. Mwenzangu aliletewa kaa akamfurahia mno. Mimi sikumgusa, hayo ni mambo ya madhehebu yangu. Akina mama wa kisiwa wametengeneza njia ya mbao inayopita juu ya bustani ya matumbawe ya kale yaliyoachwa na bahari, na kiingilio ni mapato yao. Tulitembea humo kati ya mawe makavu yenye maumbo ya ajabu. Mwenzangu akasimama, akasema, "Kumbe hii ni mifupa. Asubuhi tuliona nyama." Aliambiwa pia kwamba nje ya hifadhi, upande wa Wasini, wanakijiji na wataalamu wa taasisi ya utafiti wa bahari na uvuvi wamekuwa wakipandikiza vipande vya matumbawe kama mtu anavyopanda mihogo. Jambo hilo alilisikiliza kwa makini.

Akamwuliza nahodha swali ambalo mimi sikuthubutu: wavuvi hawaoni uchungu? Nahodha hakumficha. Wapo wanaoona uchungu mpaka leo, akasema, kwani si kila nyumba ina kijana wa kuwaongoza watalii, na mgeni akiacha kuja, kama wakati wa maradhi ya korona mwaka 2020, mashua hukaa ufuoni na tumbo halingoji. Lakini pia wapo wanaotega madema yao karibu kabisa na mpaka wa mbuga, na hawategi hapo kwa bahati. Samaki akinenepa ndani hutoka nje, hana pasi.

Mwenzangu alicheka kwa neno hilo la pasi, sisi tunaoshi kwa mihuri ya mpakani. Kisha akawa mnyonge. Kwao, kila mwaka kuanzia Aprili hadi Julai, uvuvi wa omena husimamishwa upande wa Kenya ili wazaane, na wajomba zake hulalamika kila mwaka kwamba wanafungiwa sahani. Naye alikuwa akiwaunga mkono. Sasa alikuwa akitafuta la kuwaambia, na nadhani mpaka leo anatafuta, kwa sababu njaa ya miezi minne si jambo la kumalizwa na maneno ya mtu aliyetoka matembezini.

Tulimkuta baba barazani. Nilikuwa nimepanga kumficha ile sehemu iliyokufa, nikashindwa. Nikamweleza yote: juu umekufa, ubavuni unaishi, na pangoni mna chewa.

"Mkubwa kiasi gani?"

Nikanyosha mikono. Kwa kuwa haoni vizuri, aliipapasa kutoka kiganja kimoja hata cha pili, polepole, akipima.

"Huyo ni mjukuu," akasema. "Yule niliyemwacha mimi alikuwa hapa." Akaivuta mikono yangu mbali zaidi, mpaka mabega yakaniuma.

Kisha akaomba maji ya kutawadha, maana Alasiri ilikuwa imekaribia. Nilipokuwa nikimmiminia alinong'ona, "Zile alama, umemwambia huyu rafiki yako?"

Nikasema sikumwambia.

"Usimwambie. Hata kama haogelei."