Binti wa Kisii Katika Nyumba za Saudia

Siku hizi si ajabu kusikia huko Keroka, Ogembo au Kebirigo kwamba binti wa fulani amekwenda Saudia kufanya kazi ya nyumbani. Shamba la babu limegawanywa kwa wana na wajukuu hata imebaki mistari michache ya chai, na mshahara wa huko, ambao mara nyingi huandikwa riali 900 kwa mwezi, huonekana mkubwa. Kwa hiyo yafaa wasomaji wetu wazijue sheria anazokwenda kuishi chini yake.

Nchi za Waarabu hazifanani. Tunisia ilikataza ndoa ya wake wengi mwaka 1956, na Misri iliwapa wanawake kura mwaka huo huo. Saudia ilikawia sana. Wanawake wake waliruhusiwa kuendesha motokaa mwezi wa Juni 2018, na mwaka 2019 wale wenye miaka 21 na zaidi walipata haki ya kuchukua pasipoti na kusafiri bila idhini ya mlezi mwanamume. Wengi wakaingia maofisini na madukani.

Lakini mama akienda ofisini, nani atabaki na watoto? Mara nyingi ni binti yetu, na haki alizopata bibi wa nyumba hazikumfikia mtumishi wake. Sheria ya kazi ya mwaka 2005 iliwatenga watumishi wa nyumbani. Mwaka 2013 walipewa kanuni zao, ambazo wakati huo zilikuwa na mapumziko ya saa 9 kila siku na siku moja kila juma. Ila ndani ya nyumba ya mtu, nani angezihesabu saa hizo? Tena marekebisho ya Machi 2021, yaliyowalegezea wageni wengine masharti ya kuhama mwajiri, hayakuwagusa. Mchuma chai wa Nyansiongo akipunjwa huondoka akaenda shamba la jirani. Binti huyu hakuachiwa uhuru huo.

Serikali ya Kenya ilizuia safari hizi mwaka 2014, kisha ikazifungua mwaka 2017. Mzazi, kabla ya kuuza ng'ombe, na aulize kwa Mamlaka ya Ajira ya Taifa kama wakala ana leseni. Nakala za mkataba na pasipoti zibaki nyumbani, pamoja na jina la mwajiri na mji wake. Binti akinyamaza miezi miwili, ofisi yo yote itakayoombwa msaada itauliza hayo kwanza.