Kisukari, Misuli na Kumbukumbu: Kukonda Si Habari Njema Kila Wakati

Mgonjwa wa kisukari akifika kliniki hupimwa sukari, presha na uzani, miguu yake ikakaguliwa, kisha akapewa dawa na tarehe ya kurudi. Kuna mambo mawili ambayo mara nyingi hayaulizwi: kama bado anaweza kuinuka kitini bila kujishikilia, na kama anakumbuka kuwa dawa za asubuhi ameshazitumia. Mambo hayo mawili yana uhusiano wa karibu kuliko wengi wanavyodhani.

Chukua mfano wa mama wa miaka 67 ambaye amekuwa na kisukari cha aina ya pili kwa miaka minane. Aliposhauriwa kupunguza ugali, wali na mahamri, alitii, tena akapitiliza. Asubuhi hunywa chai ya strungi bila kitu, mchana hula mchicha na kipande cha ugali, usiku uji mwepesi. Uzani wake umeshuka kutoka kilo 71 hadi 60 na kila anayemwona humpongeza. Lakini nyumbani hawezi tena kukuna nazi, hushika ukuta anapotoka chooni, na mara mbili mwezi uliopita alijidunga insulini upya kwa kusahau kwamba alikuwa amejidunga. Jamaa zake husema ni uzee. Uzee umo, ni kweli, lakini si uzee peke yake, na sehemu ya yanayompata ingeweza kuzuiliwa.

Misuli ndiyo ghala kubwa la sukari mwilini. Baada ya mtu kula, insulini hufungua mlango na sehemu kubwa ya sukari iliyo katika damu huingia kwenye misuli, ikatumiwa au ikahifadhiwa. Isitoshe, misuli inayofanya kazi huweza kuvuta sukari hata pale insulini inapokuwa dhaifu, na ndiyo sababu matembezi baada ya chakula huteremsha sukari. Ghala likipungua, sukari hubaki ikizunguka kwenye damu. Ubaya ni kwamba kisukari chenyewe hula ghala hilo. Insulini huzuia misuli isimeng'enywe ovyo, hivyo isipofanya kazi yake sawasawa, misuli huyeyuka. Neva za miguu zikiharibika, misuli inayozitegemea hulegea. Kila mtu huanza kupoteza misuli kidogo kidogo baada ya miaka 30, na kasi huongezeka baada ya 60. Kwa mwenye kisukari kasi hiyo huwa kubwa zaidi. Hali hii madaktari huiita sakopenia, jina lililopendekezwa mwaka 1989 na Irwin Rosenberg wa Marekani kutokana na maneno ya Kigiriki yenye maana ya nyama na umaskini.

Ubongo nao una madai yake. Uzito wake ni takribani asilimia 2 ya mwili, lakini hutumia karibu asilimia 20 ya nishati yote. Hulishwa na mishipa midogo sana ya damu, na mishipa hiyo huharibiwa na sukari ya juu na presha isiyodhibitiwa, kama vile ile ya macho na figo. Mwaka 2024 jopo la wataalamu la jarida la Lancet liliorodhesha mambo 14 yanayoongeza hatari ya dimensia na ambayo binadamu anaweza kuyapunguza. Kisukari kimo, na kutofanya mazoezi kumo.

Tafiti zilizofanywa kwa wazee wenye kisukari katika nchi kama Japan na Uchina zimeonyesha kuwa wenye misuli michache na mkono usio na nguvu mara nyingi hufanya vibaya zaidi katika majaribio ya kumbukumbu. Hilo pekee halithibitishi kwamba kukonda kwa misuli ndiko kunakoharibu ubongo. Anayesahau husahau pia kula na hutoka nje mara chache, kwa hiyo njia hii hupitika pande zote mbili. Hata hivyo kuna sababu za kuamini kuwa misuli huusaidia ubongo: huteremsha sukari, hupunguza uvimbe wa ndani kwa ndani, na inapofanya kazi hutoa kemikali ambazo, katika wanyama wa maabara, zimeonekana kuzilinda seli za ubongo.

Kwa hiyo mizani peke yake inaweza kudanganya. Mtu mnene mwenye kisukari anapopungua uzani kwa utaratibu, huku akijenga mwili, amefanya vyema. Anayekonda kwa njaa hupoteza mafuta pamoja na misuli. Wapo pia wenye kitambi kikubwa na miguu myembamba, ambao hakuna anayewashuku. Na kulala kitandani ni adui mkubwa: katika utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2007, wazee wenye afya njema waliokaa kitandani siku 10 walipoteza karibu kilo moja ya misuli ya miguu. Mgonjwa aliyelazwa wiki tatu kwa kidonda cha mguu hurudi nyumbani na upungufu ambao hauonekani kwenye cheti cha hospitali.

Kipimo cha nyumbani ni rahisi. Kiti kigumu kisicho na mikono huegemezwa ukutani, mgonjwa hukunja mikono kifuani, kisha huinuka na kuketi mara tano huku jamaa akiwa karibu kumdaka. Akipita sekunde 15, au akishindwa kabisa, miguu imedhoofika na kliniki inapaswa kuelezwa. Japan hutumia njia nyingine isiyohitaji hata saa: mtu huzungushia vidole gumba na vya shahada vya mikono yote miwili kwenye sehemu nene zaidi ya muundi wa mguu usio na kazi nyingi. Pakibaki nafasi kati ya vidole na mguu, misuli huenda imepungua. Mguu uliovimba haufai kwa kipimo hiki.

Dawa ya kwanza iko jikoni. Wataalamu wengi hupendekeza mzee ale gramu 1 hadi 1.2 za protini kwa kila kilo ya uzani wake kwa siku. Kwa mama wa kilo 60 ni gramu 60 hadi 72. Yai moja lina takribani gramu 6, glasi ya maziwa 8, kikombe cha maharagwe yaliyopikwa 15, na kipande cha samaki cha gramu 100 hukaribia au hupita 20. Ni vyema protini igawanywe katika milo yote badala ya kungojea chakula cha jioni. Katika sahani ya mahamri na mbaazi inayopendwa Kilifi, kinachofaa kuongezwa ni mbaazi na kinachofaa kupunguzwa ni mahamri. Omena, kunde na ndengu si chakula cha maskini kwa misuli. Mwenye ugonjwa wa figo asiongeze protini kabla ya kuzungumza na daktari, maana kiwango chake ni tofauti.

Chakula bila kazi hakijengi misuli. Shirika la Afya Duniani hupendekeza angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki, pamoja na mazoezi ya kuimarisha misuli siku mbili au zaidi. Kutembea sokoni ni vyema, lakini hakutoshi, kwani misuli hukua inapopewa mzigo. Kuinuka kitini mara kumi, kusukuma ukuta kwa mikono, kuinua chupa za maji za lita moja na baadaye mbili ni mwanzo wa kutosha. Wanaotumia insulini au vidonge kama glibenklamaidi wapime sukari kabla ya kuanza na wawe na soda au sukari karibu, kwa sababu sukari inaweza kushuka hata saa kadhaa baadaye, usiku mtu akiwa amelala. Viatu vilivyofunika vidole ni lazima kwa mwenye ganzi ya miguu, na mwenye matatizo makubwa ya macho asinyanyue vitu vizito bila ushauri.

Kuhusu kumbukumbu, jamaa ndio huona kwanza: dawa zinazobaki au kuisha kabla ya tarehe, chenji isiyohesabika, njia ya kila siku inayopotea. Baadhi ya sababu hutibika. Sukari iliyoshuka humfanya mtu achanganyikiwe. Kutumia metformini kwa miaka mingi kunaweza kupunguza vitamini B12, na upungufu huo hugusa kumbukumbu na neva. Sonona, tezi ya shingo na kupoteza uwezo wa kusikia pia huchunguzwa. Kisanduku cha dawa chenye siku za wiki, na mtu mmoja wa nyumbani anayesimamia sindano, huzuia insulini kudungwa mara mbili.

Mzee anayesahau, anayezungumza peke yake au kuzurura usiku ni mgonjwa. Katika Kaunti ya Kilifi wazee wamewahi kushambuliwa na hata kuuawa kwa kushukiwa uchawi, na miongoni mwa dalili zinazotajwa dhidi yao zimo hizi hizi za ugonjwa wa ubongo. Mahali pa kumpeleka ni hospitali.

Wahudumu wa afya ya jamii, wale wa CHP wanaotembelea nyumba, hubeba mashine za kupima sukari na presha na wanaweza kumwelekeza mgonjwa kituoni. Waliojisajili na Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, hupata huduma za msingi bila malipo katika zahanati na vituo vya afya vya serikali vya ngazi ya 2 na ya 3. Siku ya kliniki ni vyema mgonjwa aandamane na mtu anayeishi naye, na waende na dawa zote alizo nazo, pamoja na zile za kienyeji.