Tuzo ya vijana: kura ni ya nani?

Wazazi wa Dilolo na Kolwezi, mutoto wa miaka 15 akishika telefone usiku, si kila mara ni kwa michezo. Pengine anachagulia mwanamuziki wake kura. Na kura hiyo, nani anaihesabu?

Huko Kenya kulikuwa tuzo yenye kuitwa Chaguo la Teeniez, kwa kifupi CHAT. Jina lenyewe linasema yote. Redio ziliweza kumupiga msanii asubuhi na mangaribi, wakubwa wamusifu, lakini kama vijana hawakumutaka, hakupata kitu. Kwa wanafunzi wa sekondari ile ilikuwa heshima: kwa siku moja wao njo waliamua.

Marekani walianza yao mwaka 1999, Teen Choice Awards, ku televisheni ya Fox. Wapiga kura walikuwa vijana wa miaka 13 mpaka 19. Mshindi hakupewa kombe. Alipewa ubao mrefu wa kuteleza juu ya mawimbi, ule vijana wa pwani ya California wanachezea mu bahari. Muziki, filamu, michezo, byote mulikuwa ndani.

Lakini mwaka 2014 watu walisoma vizuri masharti. Wakakuta imeandikwa: watayarishaji wako na haki ya kuchagua mshindi kati ya wane wenye kupata kura mingi. Kumbe wa ine anaweza kupanda jukwaani, na wa kwanza abakie chini anapiga makofi. Mastaa vijana wa intaneti walilalamika wazi. Sherehe ya mwisho ilifanyika mwaka 2019.

Creuseur hawezi kushangaa. Analeta mifuko yake ku dépôt, lakini mizani ni ya mwenye kununua, na mashine ya kupima teneur pia ni yake. Mmoja anachimba, mwingine anasema ni kiasi gani. Mwenye kushika mizani njo mwenye kushika bei.

Basi mutoto akiomba unité juu ya kupiga kura, tusimukatalie tu, tumuulize kwanza. Kura moja inakula franga ngapi? Mtu mmoja anaweza kupiga mara kumi? Matokeo yanahesabiwa mbele ya nani?

Na masomo yetu ya Dilolo inaweza kufanya tuzo yake bila unité hata moja. Muimbaji wa kwaya, muchezaji wa balo, mwenye kuchekesha darasa: wanafunzi wanaandika jina ku karatasi, wanatia mu sanduku, kisha sanduku linafunguliwa mbele ya wote na hesabu inaandikwa ku ubao.

Zawadi inaweza kuwa kaye na biki tu. Miaka mitatu tena, huyu mutoto atafikisha 18 na atachagua wakubwa wa inchi. Ni vizuri ajue mapema namna sanduku linafunguliwa.